Posa Ikija, Tukiulizwa Tuseme



Msimu wa harusi ukianza, maswali mnayotuletea ni ya singo, ya piko, ya gauni la nikaha, na nani anatengeneza vikuba vizuri siku hizi. Tunayapenda na tutaendelea kuyajibu. Lakini leo maneno yetu si ya bi harusi peke yake. Tunataka kusema na wale wanaoulizwa habari za bwana harusi.

Mnajua inavyokuwa. Posa inakuja, wazazi wa binti wanatuma watu wakaulizie. Mjomba anakwenda msikiti anaosali kijana, shangazi anakwenda kwa mtu anayemjua mtaani kwao. Majibu karibu siku zote ni yale yale: "Mtoto wa watu, hana neno." "Anasali." "Wazee wake tunawajua." Basi, imekwisha. Na huyo anayejibu anajua kuwa mke wa mwanzo alikuwa akitoka nyumba ile usiku hana viatu, uso umevimba. Anajua, ila anajiambia: nisije nikavunja harusi ya watu, kusengenya ni dhambi, huenda kabadilika. Miezi sita baadaye bi harusi anarudi kwao analia, na mtu yule yule ndiye wa mwanzo kumwambia: "Subiri mwanangu, ndoa ndivyo zilivyo."

Sisi tunaona hapo dini imetajwa mara mbili, na mara zote mbili imemwangukia msichana. Kwanza ulimi umefungwa kwa jina la usengenyi, kisha mlango umefungwa kwa jina la subira.

Turudi Madina tuone. Fatima bint Qays (R.A.) aliachwa na mumewe. Eda ilipokwisha wakampeleka posa watu wawili, Muawiya na Abu Jahm. Akaenda kwa Mtume (S.A.W.) kumtaka shauri. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Mtume hakumwambia "wote watoto wa watu." Alimweleza kuwa Muawiya ni fakiri hana mali, na kuwa Abu Jahm hateremshi fimbo yake begani. Wapo wanazuoni waliosema kuwa fimbo hapo maana yake ni safari nyingi, lakini riwaya nyengine katika Muslim hiyo hiyo inasema wazi kuwa alikuwa mpigaji wa wanawake. Kisha akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Fatima mwanzo hakupendezewa, baadaye akaolewa naye, na mwenyewe amesimulia kheri aliyoipata katika ndoa hiyo.

Tuitazame vizuri. Hao wawili ni watu wenye heshima zao, Muawiya baadaye alikuja kuwa khalifa. Heshima haikuzuia ukweli kusemwa. Na Mtume hakwenda kuutangaza sokoni, alimwambia mwanamke aliyeuliza, kabla hajafunga ndoa, jambo ambalo lingemdhuru asipolijua. Ndiyo maana Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameiweka hadithi hii kwenye mlango wa usengenyi unaoruhusiwa. Kwa hiyo ukiulizwa ukaficha usidhani umejikinga na dhambi. Umemdanganya Muislamu mwenzako aliyekuamini.

Wenzetu Wakristo hapa mjini wana desturi ya kutangaza ndoa kanisani Jumapili tatu, ili mwenye kujua kizuizi aseme mapema. Sisi hatuna tangazo la namna hiyo. Mlango wetu ni huu wa kuuliziana, na tukiugeuza kuwa adabu tupu ya "hana neno," hatuna mwengine.

Tunajua mtasema: na husuda je? Kweli, wapo. Kisiwa chetu kidogo na maneno yanasafiri kuliko boti. Ndiyo maana kuna kipimo. Sema ulilolijua, si ulilolisikia kibarazani. Mwambie aliyekuuliza, si kundi zima la WhatsApp. Sema kiasi kinachotosha. Pengine inatosha kusema, "Mimi wangu nisingempa," na mwenye akili akaelewa. Na kama unajua mtu alikuwa na tabia hiyo akaiwacha, sema yote mawili, waache wenyewe wapime.

Kuna mtu mmoja ambaye karibu hatumuulizi kabisa, naye ndiye anayejua zaidi: mtalaka wake. Talaka kwetu si jambo geni, wanaume wengi wanaokuja kuposa wamewahi kuoa. Lakini mwanamke aliyeachwa tumeshamhukumu kuwa ana uchungu, atasema uongo tu. Pengine ana uchungu. Mtu aliyevunjwa mkono ana haki ya kuwa na uchungu, na mkono bado ulivunjwa. Atumwe mtu mzima mwenye busara, akae naye, amsikilize. Akisema "tulishindwana tu, mimi na yeye hatukuwezana," hiyo nayo ni habari njema ya kupeleka nyumbani.

Na muulize mapema, kabla mahari hayajapokelewa. Kadi zikishachapwa na ukumbi ukishalipiwa, hata baba mwenye kumpenda sana binti yake anaanza kuhesabu aibu badala ya kuhesabu hatari.

Kwa wewe uliyeolewa tayari na unayasoma haya kwa siri, hatukusahau. Nabii Yaakub (A.S.) alisubiri subira njema na bado alilia na kumshitakia Mola wake huzuni yake. Subira haikukataza kusema. Kadhi yupo, dawati la jinsia polisi lipo, na hospitalini kuna vituo vya Mkono kwa Mkono. Nenda na mtu unayemwamini.

Limebaki la mama wa bwana harusi, na hili ni gumu kuliko yote. Mwanao unamjua. Ulimsikia na mke wa mwanzo, kuta za nyumba zetu nyembamba. Kabla hujafunga pochi kwenda kuposa mtoto wa mwenzio, kaa naye umuulize amefanya nini na hasira zake. Kama hana jibu, posa ingoje.