Maua ya Kanada, ndengu za Tulia

Mpwa wangu anasomea uhandisi. Alipokuja Tulia likizoni nikamwambia nionyeshe hiyo kompyuta inayojifunza. Akafungua faili la maua 150, aina tatu, lililochapishwa na Fisher mwaka 1936, mengine yamechumwa Kanada. Ikayapatia karibu yote.

Haya, nikamwekea ungo wa ndengu: zipi zimetobolewa na fukusi? Kimya. Hajawahi kupiga picha mia mbili, kuzitia alama moja moja, na kubishana na susu wake kama hii imetobolewa ama ni chafu tu.

Sasa hilo ndilo zoezi! Yale mengine ni kunakili. Na msiniambie vifaa hakuna: simu anayo, ndengu zipo, susu ana macho na mdomo. Makerere wamefundisha kompyuta kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za majani kutoka mashambani. Mhadhiri mmoja alinijibu kwamba faili safi huokoa muda. Muda wa nani? Kusafisha ndiko kazi yenyewe.

Mpwa amerudi chuoni na gorogoro moja ya ndengu kwenye begi. Sijui watamkubalia.