Nafasi tano nyuma: adhabu ambayo wakubwa wamejifunza kuilipa

Kila mara taji la Formula 1 linapokaribia kuamuliwa, mabishano ya mashabiki hayangoji siku ya mbio. Yanaanza siku mbili tatu mbele, pale Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) linapotoa karatasi yenye mistari michache tu: gari fulani limewekewa injini kupita hesabu inayoruhusiwa, kwa hiyo dereva wake atarudishwa nyuma nafasi tano, ao kumi, kwenye foleni ya kuanzia. Hapo telefone zinawaka moto. Wa upande mmoja wanashangilia sawa vile mpinzani amekwisha kuanguka. Wa upande wa pili wanalia kwamba dereva wao anaadhibiwa juu ya kazi ya mafundi. Pande zote mbili zinasahau jambo moja. Kwa ekipi yenye gari la mbio sana, hiyo haiko adhabu tena. Ni bei, na inalipwa siku ambayo ekipi yenyewe imechagua.

Mfano ambao watu wanaukumbuka zaidi ni wa Brazil, kwenye uwanja wa Interlagos, tarehe 3 Novemba 2024. Max Verstappen wa Red Bull alifika São Paulo akiwa mbele ya Lando Norris wa McLaren kwa pointi 47. Norris alishinda mbio fupi ya siku ya posho, tofauti ikapungua mpaka 44. Tena Verstappen alikuwa amekwisha kujulishwa kwamba atarudishwa nafasi tano, maana gari lake lilikuwa limepata injini ya sita ndani ya mwaka, wakati sheria iliruhusu nne. Mvua ikaharibu siku ya posho, na mazoezi ya kutafuta nafasi yakasogezwa mpaka asubui ya siku ya yenga. Verstappen akapata nafasi ya 12 peke yake, akikasirika kwamba bendera nyekundu ilichelewa kutolewa kiisha Lance Stroll kugonga ukuta. Kumi na mbili, ongeza tano: akaanza wa 17. Norris alikuwa mbele kabisa. Kwa hesabu ya karatasi, ile ndiyo siku ambayo ubingwa ungefunguka upya.

Mbio zilianza saa kumi na moja na nusu jioni kwa saa za Goma, mvua ikinyesha. Verstappen alianza kupita magari tangu mzunguko wa kwanza. Norris na George Russell waliingia kubadili matairi. Verstappen na madereva wawili wa Alpine, Esteban Ocon na Pierre Gasly, wakabaki njiani. Halafu Franco Colapinto akagonga ukuta, bendera nyekundu ikatolewa, mbio zikasimamishwa, na wale waliobaki njiani wakabadili matairi bila kupoteza hata sekunde moja. Verstappen alimaliza wa kwanza, sekunde 19 mbele ya Ocon, Gasly akawa wa tatu. Norris, aliyeanza mbele ya wote, akamaliza wa sita. Tofauti ikafika pointi 62, na huko Las Vegas, mwezi uleule, Verstappen akachukua taji lake la nne.

Tangu siku ile mashabiki wa Norris wanasema ilikuwa bahati ya bendera. Wa Verstappen wanajibu kwamba bahati haimfundishi mtu kuendesha gari ndani ya maji. Wa pili wana haki zaidi, kusema kweli. Lakini hakuna anayeuliza ulizo la tatu: adhabu ya nafasi tano ilifanya kazi gani siku ile?

Na haikuwa mara ya kwanza. Miaka mitatu mbele ya hapo, kwenye uwanja uleule, mambo yalikuwa yamegeuka: Verstappen ndiye aliyekuwa mwindwa, mwindaji alikuwa Lewis Hamilton wa Mercedes. Novemba 2021, Hamilton alifutiwa nafasi yake ya kwanza kwa sababu bawa la nyuma la gari lake lilifunguka kupita milimita 85 zinazoruhusiwa. Akaanza mbio fupi akiwa wa 20, akamaliza wa 5. Halafu ikaja adhabu ya injini, nafasi tano: akaanza mbio kubwa akiwa wa 10. Siku ya yenga alimpita Verstappen kwenye mzunguko wa 59, akashinda kwa zaidi ya sekunde 10. Tofauti yao ikashuka kutoka pointi 21 mpaka 14, na wawili hawa walifika Abu Dhabi wakiwa sawasawa, pointi 369.5 kila mmoja. Siku ile mashabiki wa Mercedes hawakuona ubaya wowote katika adhabu ya injini. Wale wa Red Bull ndio waliosema injini ile mpya ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida na kwamba nafasi tano ni kidogo sana. Mwaka wa 2024 wakanyamaza. Shabiki ni shabiki.

Sheria yenyewe si ngumu. Mwaka wa 2024 kila dereva alipewa injini nne kwa mbio 24. Ya tano inaleta adhabu ya nafasi kumi. Kila inayofuata, nafasi tano. Nia ya sheria ni nzuri: zamani matajiri walikuwa wanachoma injini sawa vile mtu anachoma makaa, na ekipi ndogo hazikuweza kuwafuata. Kuweka hesabu kulipunguza gharama. Hapo FIA ilikuwa na haki, na wale wanaotaka hesabu ifutwe kabisa wanasahau namna mchezo huu ulivyokula pesa.

Matata iko katika namna ya kulipisha. Msafirishaji yeyote wa mizigo katika Kivu anajua maana ya bariera. Mwenye lori moja la zamani, kila bariera inamkata pumzi. Akifika ya tatu, faida yake imeisha. Mwenye malori kumi amekwisha kuziweka zote ndani ya bei ya mizigo yake mbele ya kutoka nyumbani. Kwake bariera ni mstari mmoja ndani ya daftari. Hivyo ndivyo ilivyo kwa Red Bull, Mercedes, Ferrari na McLaren katika miaka yao mizuri. Wanajua gari lao linaweza kupita mengine kumi bila taabu kubwa. Wanakaa na kalenda mkononi, wanatafuta uwanja mpana wenye njia ndefu zilizonyooka, wanasema: tutalipa hapa.

Ndiyo maana Spa, huko Ubelgiji, imekuwa soko la injini mpya. Mwaka wa 2022 Verstappen alianza wa 14 pale, akashinda. Mwaka wa 2023 alirudishwa nafasi tano juu ya sanduku la gia, akaanza wa 6, akashinda. Mwaka wa 2024 alirudishwa nafasi kumi palepale, akaanza wa 11, na safari hii akamaliza wa 4 tu, maana gari lake halikuwa tena lile la mwaka uliopita. Huo wa mwisho ndio unaoonyesha ukweli: adhabu ileile, uwanja uleule, dereva yuleyule, na uzito wake ukabadilika kufuatana na nguvu ya gari. Adhabu inayomwuma zaidi mwenye gari dhaifu ni adhabu iliyopinda.

Hakuna ekipi yenye akili inayopanga kwenda kulipia Monaco. Njia za pale ni nyembamba kiasi kwamba mwaka wa 2024 madereva kumi wa kwanza walimaliza katika mpangilio uleule walioanza nao, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya Formula 1. Nafasi kumi za Monaco na nafasi kumi za Spa zimeandikwa kwa namba moja, lakini uzito wao haulingani hata kidogo. Wapenzi wa mupira wanaujua mchezo huu: beki mwenye kadi anatafuta nyingine kwa makusudi kusudi akose mechi nyepesi, awe huru siku ya kupambana na wakubwa. Kwenye mupira mwamuzi akigundua, anakasirika. Katika Formula 1 wanaita hiyo mipango.

Ubaya mkubwa zaidi ulionekana mwaka wa 2021, na ni ajabu kwamba mashabiki wengi wameusahau. Huko Monza, Verstappen na Hamilton waligongana, gari la mmoja likapanda juu ya lingine. Waamuzi walimpa Verstappen adhabu ya nafasi tatu kwenye mbio zilizofuata, za Sochi huko Urusi. Ile haikuwa adhabu ya injini. Ilikuwa ya uendeshaji, ya mtu na mikono yake. Red Bull walifanya nini? Walichukua nafasi hiyo kumpa injini mpya palepale Sochi, akaanza wa 20, wa mwisho. Nafasi tatu za kosa la kugongana zikamezwa ndani ya adhabu ya injini, maana nyuma ya mwisho hakuna nyuma nyingine. Akamaliza wa pili. Kosa la hatari likalipwa kwa bure. Ekipi haikuvunja sheria yoyote. Ni sheria iliyoacha mlango wazi, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kupita mlangoni.

Hata kucheka kulikuwapo. Mwaka wa 2015, huko Spa, McLaren iliyokuwa na injini za Honda ilipewa adhabu ambazo kwa madereva wake wawili, Jenson Button na Fernando Alonso, zilifika nafasi 105 jumla, katika mbio zenye magari 20. Baadaye hesabu hiyo ya ajabu ikaondolewa: anayepita nafasi 15 anapelekwa nyuma ya foleni, basi. Kicheko kikaisha, lakini dawa hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa Sochi. Ukifika nyuma kabisa, unaweza kuongeza vyombo vipya bila kulipa tena.

Kuna wanaosema suluhisho ni rahisi: muache dereva, mkate pointi za ekipi katika taji la watengenezaji, kwa sababu ndipo pesa za zawadi zinapogawanywa. Wazo hilo linavutia, na lina haki kwa nusu. Dereva hakuvunja injini, hakuichagua, hakuitengeneza. Lakini ndiye anayeikalia. Siku ya yenga ile nguvu mpya iko chini ya mguu wake, na pointi za ushindi zinaandikwa kwa jina lake. Kama ekipi ingeweza kununua taji la dereva kwa kupoteza pointi chache za watengenezaji, wakubwa wangefanya hivyo bila kulala juu ya wazo. Kwa hiyo lazima vyote viwili: nafasi kwenye foleni zibaki, na juu yake pointi za ekipi zikatwe kila injini inayozidi. Na adhabu ya uendeshaji itengwe kabisa. Dereva akianza tayari wa mwisho, adhabu hiyo ingoje mbio zinazofuata, mpaka siku itakapomwuma.

FIA haikosi nguvu ya kuadhibu inapotaka. Septemba 2024 Verstappen alitamka neno chafu mbele ya waandishi wa habari huko Singapore, akahukumiwa kufanya kazi ya manufaa ya jamii. Aliifanya Desemba mwaka ule Kigali, pamoja na vijana wa mchezo wa magari, katika juma ambalo FIA ilikuwa na mkutano wake mkuu pale na Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kupokea Grand Prix. Februari 2025, wiki chache kiisha Goma kuanguka mikononi mwa M23, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliwaandikia wakuu wa Formula 1 akiwaomba wakate mazungumzo hayo. Mashabiki wa upande huu wa mpaka hawakukosa kuona kwamba neno moja lililotoka mdomoni lilipata hukumu yake upesi.

Na Interlagos haijamaliza kazi yake. Novemba 2025 Verstappen alitolewa katika awamu ya kwanza ya kutafuta nafasi, akawa wa 16. Red Bull wakaona nafasi hiyo haina cha kulindwa: wakabadili injini, wakabadili mpangilio wa gari, wakamwanzisha kutoka njia ya mafundi, nyuma ya magari yote. Akamaliza wa tatu, akachukua pointi 15. Norris alishinda siku ile, na mwezi uliofuata, huko Abu Dhabi, akawa bingwa wa dunia kwa pointi 423 dhidi ya 421 za Verstappen.

Pointi mbili. Kama mpango ule wa njia ya mafundi ungemletea Verstappen pointi tatu zaidi, taji lingechukuliwa na mtu aliyebadili injini kwa sababu ilimfaa, na ndipo McLaren wangepiga kelele ambazo zingesikika mpaka Paris. Mkuu wao, Andrea Stella, alikuwa amekwisha kuuliza pale Brazil: injini ikibadilishwa kwa kutafuta mwendo na si kwa kuharibika, gharama yake inahesabiwa ndani ya kikomo cha matumizi cha ekipi ao hapana? Ni ulizo zuri kuliko yote yaliyoulizwa katika mabishano haya, na lingepaswa kujibiwa kwa maandishi ndani ya sheria mbele ya magari kurudi São Paulo.