Shilingi, Faranga na Madai Manne ya Mwaloni

Ukikaa mwaloni Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, wakati boti za Burundi zinapakia, hukosi kusikia mazungumzo ya shilingi yetu na faranga ya jirani. Madai ni yale yale, na husemwa kwa uhakika usiotaka swali. Manne kati yake yanafaa kujibiwa moja moja, kwa sababu yanatufanya tuione faranga kama fedha iliyolaaniwa, na shilingi kama fedha isiyowahi kuumwa.

Dai la kwanza: kabla ya Wazungu, Ujiji ilikuwa mali kwa mali tu, haikujua kubadili fedha.

Si kweli. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji mwaka 1874 na kuukuta mji una fedha yake: shanga zilizoitwa sofi, zilizofanana na vipande vya mrija wa kiko. Asubuhi soko likifunguliwa, walikuwapo watu wenye mikoba ya sofi waliowauzia wanunuzi shanga hizo. Jioni waliwapokea wauzaji sofi zile zile, wakapata faida kwenda na kurudi. Leo tungewaita wabadilisha fedha. Kazi hiyo, basi, ilikuwapo Ujiji miaka 40 kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914.

Dai la pili: sisi na Warundi hatujawahi kutumia fedha moja.

Tumetumia. Chini ya Wajerumani, Urundi, Ruanda na Tanganyika zilikuwa koloni moja, na fedha yake ilikuwa rupia. Kuanzia miaka ya 1904 na 1905 iligawanywa kwa heller 100, na rupia 15 zikawa sawa na mark 20. Kilichotutenga ni vita. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma na wakakaa hadi 1921, ndipo Waingereza wakaichukua. Kwetu ikaja shilingi ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na Urundi ikaingizwa kwenye faranga ya Kongo ya Kibelgiji. Baada ya uhuru kila nchi ikachapa yake: faranga ya Burundi ilianza 1964, shilingi ya Tanzania ikatoka Juni 1966. Mpaka wa fedha ziwani, kwa hiyo, ulichorwa na majeshi mawili ya kigeni, wala haukutokana na wafanyabiashara wa Ujiji na Rumonge kushindwa kuelewana.

Dai la tatu: shilingi imeizidi faranga siku zote.

Hapa ndipo penye uzito, kwani hesabu inasema vingine. Mwaka 1966 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14. Burundi ilikuwa faranga 87 na nusu. Shilingi moja, basi, ilinunua faranga 12 na ushee. Katikati ya 1984 shilingi ilishushwa hadi 17 kwa dola, na mwaka 1986 ikaporomoshwa hadi 40 na zaidi. Kufikia karibu na 1990 sarafu hizi mbili zilikuwa zimelingana, kisha faranga ikatangulia. Mwanzoni mwa 2023, kwa bei ya benki, shilingi moja haikufikisha hata faranga moja. Mei mwaka huo Burundi ikashusha faranga yake kwa mkupuo, kutoka kama 2,100 hadi kama 2,800 kwa dola, na shilingi ikarudi mbele kidogo.

Sasa linganisha safari nzima. Tangu 1966 dola imepanda zaidi ya mara 300 kwa shilingi, na kwa bei rasmi ya Bujumbura imepanda kama mara 33 tu kwa faranga. Tulioteremka zaidi ni sisi. Na ukubwa wa tarakimu kwenye noti hauonyeshi nguvu ya sarafu: kinachoonyesha ni noti hiyo ilinunua nini jana na inanunua nini leo.

Dai la nne: wabadilisha fedha wa mwaloni ndio wanaoiua faranga.

Ni kweli kwamba faranga inaumwa, na kwamba kuna bei mbili. Katika miaka ya karibuni dola ya mtaani Bujumbura imefika zaidi ya mara mbili ya bei rasmi. Tuchukue mfano wa mzigo wa dagaa wa shilingi 200,000. Kwa bei ya benki ungegharimu kama faranga 240,000. Mwaloni muuzaji anaweza kudai karibu nusu milioni, kwa sababu anajua hizo faranga hazitampa dola kwa bei ya benki.

Lakini tofauti hiyo hutoka kwenye uhaba. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa Burundi wa 2015 misaada ya wafadhili ilipungua sana, na mauzo ya kahawa na chai hayatoshi kulipia mafuta na dawa. Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi iliyafutia leseni maduka ya kubadilishia fedha. Dola hazikuongezeka kwa hilo.

Sisi tulishapita humo humo. Mwaka 1983 serikali ya Tanzania iliendesha msako wa wahujumu uchumi na walanguzi. Bidhaa zilikamatwa, watu walifungwa, na bei ya magendo ya dola ikaendelea kuwa mara kadhaa ya ile rasmi. Pengo lilianza kuzibika baada ya shilingi kushushwa na, mwaka 1992, sheria kuruhusu maduka ya kubadilishia fedha. Dawa ilikuwa chungu: mshahara ulipoteza thamani, na wazee wa Kigoma wanalikumbuka hilo vizuri kuliko mimi.

Anayemcheka Mrundi mwaloni leo anamcheka mtu aliyesimama tulipokuwa tumesimama sisi mwaka 1985. Na anayemlaumu mwenye mkoba wa noti Kibirizi aelekeze lawama kwenye meza inayopanga bei ambayo benki yenyewe haiwezi kumuuzia mtu dola kwayo.