Ritifaa Katika Anwani ya Barua Pepe

Wilaya ya Nachingwea ina kata iitwayo Nang'ondo. Ruangwa nayo ina Narung'ombe. Mwanafunzi ajuaye tahajia hawezi kuyapokonya majina hayo ritifaa, kwani ng' si ng. Lakini mtu akijaza fomu katika kompyuta kwa anwani ya barua pepe yenye jina la namna hiyo, mara nyingi hujibiwa kwamba anwani si sahihi.

Yafaa ieleweke kwamba aliyekosea hapo ni mtunga fomu. Kanuni za kimataifa, zilizotolewa upya mwaka 2008, huruhusu kushoto kwa @ herufi, tarakimu na alama 19, ritifaa ikiwamo. Nukta nayo yaruhusiwa, ila isitangulie, isimalizie, wala isifuatane na nyingine. Upande wa kulia, yaani jina la mtambo upokeao, ndio usiokubali ritifaa.

Tena kanuni zasema kuwa upande wa kushoto hufasiriwa na mtambo upokeao peke yake. Mtambo huo waweza kuwanyima wateja wake ritifaa. Hiyo ni nyumba yake. Mtambo utumao ukiutajia anwani, hujibu 250 ukiikubali, au 550 ikiwa sanduku halipo. Mtunga fomu aliyeko Dar es Salaam hana haki ya kutoa jibu hilo kabla barua haijaondoka. Kwa maoni yangu, fomu ihakikishe tu kwamba @ ipo na mtambo utajwao wapatikana, kisha itume barua ya uthibitisho.