Tahadhari Ifuate Kituo, Isimfuate Mtu

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilitangazia taifa kuwa ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa 2 walikuwa wamethibitishwa kwa vipimo, na wengine 8 wamehesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuugua. Wote 10 walifariki dunia. 8 walifariki kabla mlipuko haujathibitishwa. Katika ugonjwa wa namna hii, siku moja ya kuchelewa ni siku ambayo mgonjwa amelala wodini pamoja na wengine, na muuguzi amemhudumia bila kinga kamili.

Nchi yetu inao mfumo wa kielektroniki wa ufuatiliaji wa magonjwa, uliojengwa juu ya programu ya DHIS2 iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Mhudumu wa zahanati anaweza kutoa taarifa kwa simu ya kawaida ya mkononi. Katika semina zetu tumezoea kuhimizana juu ya kutuma: tuma mapema, tuma kwa usahihi. Hoja yangu inahusu upande wa pili, ambao hauzungumzwi sana: ni nani anayepokea, na ni nani aliyeamua kuwa yeye ndiye apokee?

Kila arifa ya kompyuta husimama juu ya mambo matatu: tukio lililoripotiwa, sharti linaloamua kama tukio hilo linastahili tahadhari, na mpokeaji. Kuyaunganisha hayo matatu ndiko kusajili arifa. Mahali ambapo kazi hiyo hufanywa kwa mkono, ofisa TEHAMA huandika majina na namba za simu, moja baada ya nyingine. Orodha hiyo huwa sahihi siku ilipoandikwa. Mratibu wa ufuatiliaji akihamishwa, akienda masomoni au akibadili laini, ujumbe huendelea kumfuata yeye, huku aliyekalia kiti chake hajui lolote. Kompyuta haitalalamika, itaandika kuwa ujumbe umetumwa.

Naona dawa yake ni kuiachia programu yenyewe kazi ya kuunda usajili. DHIS2 huruhusu arifa kuelekezwa kwa kundi la watumiaji, au kwa watumiaji wote waliofungamanishwa na kituo fulani. Tena ina kiolesura, yaani mlango ambao programu nyingine hupitia ili kusoma na kubadili mipangilio hiyo. Basi uhamisho wa mtumishi unapoingizwa katika mfumo wa taarifa za watumishi, programu ndogo na imwondoe aliyeondoka, imwingize aliyefika, kisha imtumie ujumbe wa majaribio anaotakiwa kuujibu. Tahadhari isipojibiwa kwa muda uliowekwa, ipande yenyewe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kisha kwa Mganga Mkuu wa Mkoa.

Faida ya pili ni ya ujirani. Biharamulo inapakana na Ngara, na Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, ikiwa na vituo vya mpakani vya Rusumo na Kabanga. Rwanda ilitangaza mlipuko wake wa Marburg tarehe 27 Septemba 2024. Popo wa matunda, wanaohifadhi virusi hivi, hawatambui mpaka wa wilaya. Wala hautambui mgonjwa anayetafuta tiba kwa ndugu zake. Kanuni moja ikiandikwa kwamba tukio la dharura la wilaya moja liziarifu pia wilaya zote zinazopakana nayo, Ngara itapata habari za Biharamulo bila kumngoja mtu akumbuke kupiga simu.

Wapo watakaosema kuwa arifa zikizidi hupuuzwa, na wana haki. Ndiyo maana sharti liwe kali: homa yenye kutokwa damu iamshe simu usiku wa manane, lakini takwimu za kawaida zingoje taarifa ya wiki. Wengine watahofia siri ya mgonjwa. Nayo ilindwe: ujumbe utaje kituo, aina ya tukio na saa, usitaje jina, maelezo zaidi yasomwe ndani ya mfumo na mwenye ruhusa. Kuhusu mtandao unaokatika vijijini, simu ya sauti ibaki kuwa njia halali.

Jambo la mwisho ni heshima kwa mtumaji. Muuguzi aliyeripoti asajiliwe papo hapo kupokea majibu ya sampuli aliyoitolea taarifa, yawe mabaya au mazuri. Asiyejibiwa mara tatu hatakuwa na ari ya kuripoti mara ya nne.

Nanyi wagonjwa na ndugu zao mna nafasi yenu. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bila malipo. Vifo viwili visivyoeleweka katika kaya moja ni habari ya kutosha kuipiga. Nasi wa vituoni, mwezi huu tuulizane swali moja dogo: tahadhari ikitoka leo usiku, itaita simu ya nani? Kituo kisichoweza kujibu kwa uhakika kimeshajua pa kuanzia.