Fedha za Halmashauri Zina Wenyewe

Mwaka 2003 serikali ilipoifuta kodi ya maendeleo, wengi huku kwetu Bukoba na Muleba walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru. Kodi ile ilikuwa na sura ya mgambo wa alfajiri, na ya mtu mzima mwenye watoto akijificha migombani kwa kukosa stakabadhi. Lakini pamoja na karaha yake yote, aliyeilipa alijua kwamba amelipa, na kwa hiyo aliona uchungu ilipopotea. Leo twalipa pasi na kujua, na asiyejua kwamba amelipa hana la kuuliza.

Mkulima wa Kamachumu au Nshamba akipeleka kahawa yake, ushuru wa mazao umo ndani ya hesabu. Mwaka 2017 ushuru huo kwa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3; ni shilingi elfu thelathini katika kila milioni moja ya kahawa. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, bali bei anayoiona mkulima imekwisha kupunguzwa kabla haijamfikia. Mvuvi hulipa mwaloni, mama wa ndizi hulipa sokoni, mwenye duka hulipa leseni. Hata kodi ya majengo, tangu 2021 hukatwa katika umeme wa LUKU, mpaka mpangaji wa Kashai asiyemiliki hata tofali moja hujikuta amemlipia mwenye nyumba. Basi asiseme mtu kuwa mambo ya halmashauri hayamhusu kwa sababu yeye si mlipa kodi.

Lililotusukuma kuandika haya ni kumbukumbu ya Manispaa ya Bukoba, ambayo twaona watu wameanza kuisahau. Kati ya 2012 na 2014 baraza la madiwani liligawanyika pande mbili, upande mmoja ukiwa na Meya Anatory Amani, na mwingine ukiwa na Mbunge Balozi Khamis Kagasheki, wote wawili wa chama kimoja, CCM. Ugomvi ulihusu miradi: ujenzi wa soko kuu jipya, upimaji wa viwanja kwa fedha za mkopo, na mingine, ikidaiwa kwamba taratibu zilirukwa. Vikao vya baraza vikakwama. Agosti 2013 CCM mkoani ikatangaza kuwavua uanachama madiwani wanane, naye Meya akiwemo. Makao makuu ya chama yakaizuia hatua hiyo. Hatimaye Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wa wakati huo, Ludovick Utouh, akafanya ukaguzi maalumu, na Januari 2014 matokeo yake yakasomwa mjini Bukoba. Meya akatangaza kujiuzulu.

Sisi hatumhukumu mtu katika habari hii, na kazi hiyo ina wenyewe. Tunachouliza ni hiki: muda wote huo wananchi walikuwa wapi? Walikuwa vijiweni na kwenye baraza za nyumba, kila mmoja akimshangilia wake. Habari ya nani amemshinda nani ilienea mji mzima, lakini ni wangapi waliomwendea diwani wao kumwuliza mkopo ni kiasi gani, utalipwa kwa miaka mingapi, na kwa mapato yapi? Uchaguzi wa 2015 ulifika wafanyabiashara wa soko wakiwa bado katika soko lile lile la zamani. Waliogombana walikwenda zao, na aliyebaki kulipia ni mama mwenye meza ya nyanya.

Iko fedha nyingine ambayo jamaa za misikitini zinaipita kama kwamba si yao. Sheria, tangu ilipoongezwa kifungu mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na sheria hiyo hiyo inasema mikopo hii haina riba. Tunalitilia mkazo neno hili, kwa sababu kila Ijumaa tunawasikia vijana wetu wakilalamika kwamba mlango wa benki kwao umefungwa na riba. Mlango usio na riba upo katika ofisi ya maendeleo ya jamii, na waliobisha hodi ni wachache. Ni kweli kwamba ripoti za ukaguzi zilionyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi vya jina tu, hata serikali ikausimamisha utaratibu huo Aprili 2023 kabla ya kuurejesha mwaka 2024. Lakini vikundi hewa huota pale ambapo hakuna mwanakijiji aliyewahi kuomba kusomewa orodha.

Mahali pa kuiomba papo. Sheria ya mwaka 1982 imeweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, wajumbe wake wakiwa wakazi wote waliotimiza miaka 18, ukutane kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mapato na matumizi husomwa. Mitaa ya mjini nayo ina mikutano yake, na kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi: raia yeyote aweza kuketi akasikiliza.

Tunajua jibu litakalotolewa, kwamba viongozi wenyewe hawaitishi mikutano. Ni kweli, na sababu mojawapo ni namna walivyopatikana. Mwaka 2019 vyama kadhaa vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa vikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao, na wenyeviti wengi wakapita bila kupigiwa kura. Novemba 27, 2024 malalamiko yale yakarudi, na CCM ikatangazwa mshindi katika asilimia 99 ya vijiji. Chaguzi zote mbili zilisimamiwa na TAMISEMI, wizara ile ile iliyo juu ya wakurugenzi wa halmashauri. Mwenyekiti ambaye hakuomba kura yako haoni haraka ya kukusomea hesabu. Lakini wajibu wake wa kuitisha mkutano haukufutwa kwa kupita bila kupingwa.

Basi pale ambapo miezi mitatu imepita kimya, wakazi kumi au ishirini, wa dini zote, na waandike barua kwa mtendaji wa kijiji kuomba tarehe ya mkutano na taarifa ya mapato na matumizi. Barua iwe na majina na saini, nakala iende kwa diwani na kwa mkurugenzi, na nakala moja, iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, ibaki mikononi mwao.