Mbegu ya stroberi haifukiwi

Katika kuotesha matunda kwa mbegu, kwenye stroberi ndipo wengi wanapokata tamaa. Mbegu yake ni ndogo kama ya mchicha na inataka mwanga ili iote. Ukiifukia, huuoni mche, na lawama zinamwendea muuza mbegu bure. Imwage juu ya udongo uliochekechwa, ibonyeze kwa kiganja, kisha kalisha chombo kwenye beseni la maji ili udongo unywe kutoka chini, kwani maji ya kumwagia juu huisomba mbegu. Funika kwa nailoni angavu. Subira sasa: wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Mbegu zikikaa kwenye friji wiki 2 au 3 kabla ya kusiwa, huota kwa pamoja.

Ila mbegu za tunda la dukani hazikupi tunda lile lile. Stroberi hizi kubwa ni chotara wa jamii mbili za Amerika zilizokutana Ufaransa karne ya 18, na kila mche huja na sura yake. Aliye Lushoto au Limuru anayetaka kuuza achukue vichipukizi vinavyotambaa kutoka shina mama. Parachichi la Hass vilevile, bila kubebesha hulipati.

Papai ndilo la kumwanzishia mtoto kuotesha mbegu. Sugua mbegu kwenye chujio mpaka utando wa utelezi utoke, anika kivulini, panda miche 3 kila shimo. Ikichanua, ng'oa madume, ubakize moja la kuchavusha.